Uzi kwa mnaohama nyumba Tanga: anzeni na usiku wa kwanza, habari za gari zije baadaye

Kuli wa Kange

Wakuu salaam. Mwisho wa mwezi ndo huu na simu zimeshaanza kuita, bwana tunahama Jumamosi una nafasi? Kazi yangu ni kuhamisha watu, nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na vijana wawili, tunabeba vyombo Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Usagara, Kange, Pongwe, wakati mwingine mpaka Muheza na Pangani. Naingia ndani kwa watu siku ile ambayo kila mmoja kavurugwa, mtoto analia, mama hajatia kitu tumboni toka alfajiri, baba kashikilia simu anabishana na dalali. Na katika nyumba hizo kuna wachache wanahama wametulia mpaka unashangaa, na sio kwamba wana hela kuwazidi wenzao, wengine chumba na sebule tu. Nimewaangalia sana hao nikaona kuna kitu wanakifanya ambacho wenzao hawakifanyi, ndo nakileta hapa.

Wengi wetu tunapanga siku ya kupakia. Gari lije saa ngapi, tripu ngapi, nani atabeba friji. Sasa kupakia ni kazi ya masaa mawili matatu tu vijana wanamaliza na wanaondoka zao. Balaa linaanza saa moja jioni gari likishageuza, ndani giza, mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, haijulikani ni ipi kati ya zile tatu ukutani, bomba likifunguliwa linapumua hewa, neti ya mtoto iko ndani ya kiroba kilicho chini ya kiroba kingine, jiko limefika ila kiberiti hakijulikani kilipo, halaf mtu anakumbuka dawa za presha za mama ziko kwenye droo ya dresing tebo na dresing tebo imegeuziwa ukutani na juu yake kuna masanduku. Hapo ndo watu wanatoleana maneno ambayo hawakuyakusudia. Wale waliotulia wao wanaanza kupanga na usiku wa kwanza. Wanajiuliza leo saa mbili usiku tutakula nini, tutaoga na nini, tutalala wapi, wakishapata jibu ndo wanarudi nyuma kwenye mambo ya gari na viroba.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Chukua beseni kubwa, lile la kufulia mablanketi, utie humo neti na kamba zake, misumari na nyundo, mashuka, taulo, sabuni, miswaki, kopo la chooni, kandambili, kiberiti, tochi, chaja, sufuria moja na mwiko na kisu, sahani na vikombe kwa idadi ya watu mlionao, majani ya chai, sukari, chumvi, mchele wa kupika mara moja. Weka na balbu tatu nne, na hili watu wengi hawalijui, mpangaji anayetoka mara nyingi anaondoka na balbu zake na ni haki yake, ukifika saa moja usiku unakuta vishikio vitupu. Dawa za wagonjwa, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti, mkataba wa nyumba na hela hivyo haviingii kwenye beseni wala kwenye gari, vinakaa kwenye mkoba unaoshikwa mkononi na mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndo yeye. Beseni linapanda gari mwisho kabisa ili lishuke la kwanza. Magodoro na jiko na ndoo za maji vivyo hivyo, mwisho kupanda mwanzo kushuka. Kabati, sofa na masanduku ya vitu vya kabatini vitangulie huko mbele karibu na kichwa cha gari, hivyo hata vikikaa wiki kibarazani hakuna atakayelala njaa.

Kuna vitu viwili vya ufundi niviseme kwasababu ndo vinavyovunja watu moyo. Kioo cha dresing tebo usikiache kwenye meza yake, kifungue kwa nyuma, skrubu zitie ndani ya soksi, soksi uifunge na selotepu kwenye mguu wa meza hiyohiyo, usizichanganye na skrubu za kitanda hata siku moja. Kioo kivike blanketi kisha kisimamishe katikati ya magodoro mawili. Kisilazwe, kikilazwa tuta moja tu kinapasuka katikati. Na sahani za udongo zipange kwenye ndoo zikiwa zimesimama kwa ukingo, kanga au gazeti katikati, ndoo ikijaa hakikisha hakuna inayocheza. Watu wanazilaza moja juu ya nyingine wanadhani ndo salama, mtikisiko wote unaiangukia ile ya chini. Kitanda nacho kabla ya kukifungua pitisha chaki kwenye kila maungio, andika K kichwani na M miguuni, kushoto na kulia, saa tatu usiku utanishukuru.

Na kabla hujatoa kodi, nunua umeme kwenye mita ya nyumba unayoiendea. Wa elfu tano tu. Ile meseji ya tokeni inaonyesha makato yote, kama kuna deni kwenye mita utaliona limekatwa hapohapo, na kodi ya jengo inakatwa humohumo, kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi toka Julai 2023, zamani ilikuwa 1,000. Nyumba ikikaa tupu miezi bila kununuliwa umeme inajilimbikiza na anayekuja kununua wa kwanza ndo anakatwa yote kwa mkupuo. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, sasa muongee naye kabla hamjasaini, akurudishie au aipunguze kwenye pango, na meseji yako ndo ushahidi. Na ukiingiza zile namba 20 za tokeni kwenye mita ikakubali, umeshajua pia kuwa mita ni ya nyumba hiyo kweli na sio ya jirani.

Naomba kuwasilisha, wenye uzoefu ongezeni.

Binti Makorora

Asante kaka yangu umeniokoa maana mimi natoka Makorora naenda Kange wiki ijayo na toka Jumatatu silali. Nina maswali. Mume wangu anasema tuhamishe kidogokidogo kwa guta na bajaji kila jioni akitoka kazini ili tusilipe kirikuu, ni sawa? Na pili nina mtoto darasa la nne, nimuhamishe shule sasahivi au nisubiri? Tatu huko niendako tuko wapangaji sita mita moja.

Kuli wa Kange

Dada karibu. Kuhamisha kidogokidogo ni kuzuri kwa vitu ambavyo hamvitumii kila siku, nguo za sikukuu, vitabu, vyombo vya wageni, mapazia, cherehani. Hivyo hata kwa baiskeli vinafika, Tanga yetu hii baiskeli tunazo. Ubaya wake ni mmoja, mkianza kupeleka vya kila siku mnajikuta mnaishi nyumba mbili, ungo uko kule unga uko huku, na mtu mmoja inabidi akalale kule kulinda. Kwahiyo mwambie shemeji vya akiba viende taratibu jioni, vya kila siku viende tripu moja siku moja. Na bajaji nne za kwenda Kange ukizijumlisha ni karibu na kirikuu tu, fanyeni hesabu kabla. Bei ya kirikuu mpatane kwa tripu, na mpatane kabisa kama vijana wa kushusha wamo ndani ya bei au la, mabishano mengi yanatokea kwenye kushusha sio kwenye kupakia.

La mita moja wapangaji sita ingia na utaratibu unaojulikana toka siku ya kwanza. Uliza nani ananunua, mnachangiaje, mwenye friji anaongeza kiasi gani. Ujue na kwamba ile tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi kwa nyumba ya watu wengi inavukwa mapema sana, na ikivukwa bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu, kwahiyo usishangae elfu kumi ya kule ikaisha haraka kuliko ya Makorora. Mkiweza wekeni mita ndogo za ndani kila mlango na yake, fundi umeme anafunga na ugomvi unaisha. La shule nawaachia walimu.

Mwalimu wa Muheza

Mama wa darasa la nne, uhamisho wa mwanafunzi siku hizi unapitia kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, sio barua ya mkononi peke yake kama zamani. Unaanza na mwalimu mkuu wa shule anayotoka, na kabla ya hapo unaenda shule unayotaka uhakikishe nafasi ipo. Darasa la nne ni darasa la mtihani wa taifa kama ilivyo la saba na kidato cha pili na cha nne, watoto wakishasajiliwa kufanya mtihani kwenye kituo fulani kumtoa inakuwa kazi. Kwahiyo usiamue mwenyewe nyumbani, nenda kamuone mwalimu mkuu wiki hii akuambie usajili umefikia wapi. Makorora na Kange ni mji mmoja, wazazi wengi wanamuacha mtoto amalizie mwaka palepale anapanda daladala na mwenzie mkubwa. Na mtoto mwenyewe mwambie mapema kwamba tunahama, mpeleke akaione nyumba, muonyeshe atakapolala. Watoto wanaoshtukizwa nawaona darasani, wanakaa kimya wiki nzima daftari halina kitu.

Fundi Friji Ngamiani

Nakazia upande wa friji maana kila mwanzo wa mwezi naletewa. Zima usiku wa kuamkia siku ya kuhama, acha mlango wazi barafu iyeyuke, futa maji yote ndani na kwenye kile kitreya cha nyuma, toa vioo vya ndani uvifunge pembeni. Mlango fungia kamba, selotepu kali inaondoka na rangi. Friji linasafiri limesimama. Likilazwa mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba, ukiliwasha hapohapo kompresa inazunguka kavu na mabomba yamejaa mafuta, hapo ndo watu wanakuja wanasema lilikuwa zima jana. Kama limesimama njia nzima liache litulie masaa manne hivi ndo uchomeke, kama lililazwa basi liache mpaka kesho yake. Likae wima, mbali na ukuta kidogo lipumue. Na usichomeke moja kwa moja nyumba ngeni hujajua umeme wake ukoje, weka friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukicheza.

Kwahiyo usiku wa kwanza ule anaousema kuli jueni hamna friji. Samaki na nyama zimalizeni kabla.

Bi Mkubwa Raskazone

Wanangu nimesoma nimefurahi, kijana umesema maneno ya maana. Niongeze ya kwetu wakinamama.

Nyumba haihamiwi ikiwa chafu. Siku moja kabla, watu wawili waende na ndoo, ufagio, dawa ya mende na sabuni, wafagie utando wa buibui juu mpaka chini, wapige deki, wasugue choo, wajaze ndoo na mapipa maji, wafunge mapazia hata kama ni kanga. Pazia la chumba cha kulala ndo la kwanza, maana mtu mgeni mtaani kila anayepita anachungulia. Halafu fukizeni udi au ubani kila chumba, harufu ya watu waliotoka iondoke iingie ya kwenu. Sisi tunaita watu wachache wanasoma Yasini na dua, tunagawa kahawa na visheti au kaimati, wenzetu Wakristo wanamuita mchungaji au padri anabariki. Fanyeni mapema msisubiri mpaka sofa mpya ifike. Majirani wanapata kukujua, na wewe unapata kumjua wa kumuita usiku mtoto akipata homa.

Mkija huku karibu na bahari, Raskazone na Sahare, tazameni vitasa, bawaba na nondo za madirisha kabla ya kulipa. Chumvi inakula chuma, kitasa kinaonekana kizima ukikigeuza kinakubakia mkononi. Kitasa cha mlango wa nje badilisheni siku hiyohiyo mnayopewa funguo, hujui aliyekaa kabla yako alichonga funguo ngapi.

Na muwaage mnaowaacha. Mpite mlango kwa mlango, mrudishe bakuli la mtu, mlipe deni la duka la mangi hata kama ni la mia tano. Mtu akihama kimyakimya moyo wake unabaki nyuma na maneno yanabaki nyuma.

Kijana wa Duga

Shikamoo Bi Mkubwa. Mnaongea vizuri ila hiyo ya kwenda siku moja kabla kusafisha ni ya wenye bahati. Sisi wengine kodi inaisha tarehe 30, huku unatakiwa utoke, kule mpangaji wa zamani bado hajatoka, funguo unapewa tarehe moja asubuhi na gari liko nje na vyombo juu. Utafagia saa ngapi?

Kuli wa Kange

Kijana wa Duga hilo ni kweli na ndo linatesa watu kuliko yote. Ninachoona wenzako wanafanya, wanaongea na mwenye nyumba wa zamani mapema, mwezi mmoja kabla, wanaomba siku tatu mbele na kumlipia hizo siku. Wengi wanakubali ukiwahi, wasiokubali ni wale unaowaambia jioni ya tarehe 30. Ikishindikana kabisa basi gari lipakiwe mchana sio asubuhi, ili mmoja wenu atangulie na ndoo na ufagio apate masaa mawili na nyumba tupu. Chumba kimoja tu. Safisha chumba kimoja na choo, magodoro yote yaingie humo, vingine vilundikwe sebuleni vimefunikwa turubai. Nyumba nzima itasafishwa kwa wiki nzima ijayo hamna anayewakimbiza, usiku wa kwanza unadai chumba kimoja kisafi na choo basi.

Na hapa ndo pa kusema, kila kiroba andika chumba kinakoenda. Usiandike kilichomo, andika chumba. JIKONI, WATOTO, MAMA. Vijana wangu wanasoma wanapeleka moja kwa moja, la sivyo vyote vinamwagwa sebuleni na wewe unaanza kubeba tena saa mbili usiku peke yako.

Nimesahauje, maji. Wanaosema Tanga maji sio shida wanasema kweli ukilinganisha na miji mingine ila akaunti ya nyumba inaweza kuwa na deni la mpangaji aliyepita na siku mnaingia watu wa maji wanakuja kukata. Chukua namba ya mita uulize Tanga UWASA, mamlaka ya maji, deni kabla, na siku ya kuingia piga picha mita inavyosoma. Huko unakotoka nako piga picha ya mita na ya kila chumba kitupu, mwenye nyumba akisema baadaye kioo kimevunjwa una cha kuonyesha.

Binti Makorora

Bi Mkubwa umenigusa, nilikuwa nataka kuondoka kimyakimya kwasababu ya mtu mmoja hapa uani. Nitaaga wote na yeye.

Kuli samahani nikuulize, nina mama mkwe mzee naishi naye, haoni vizuri na tayari kashaanza kusema mimi siendi mniache hapahapa. Huyu namfanyaje?

Kuli wa Kange

Dada hili nitalielezea kwa kirefu maana niliona lilivyofanywa na sijaona wa kumzidi aliyelifanya. Tulihamisha familia moja kutoka Ngamiani kwenda Duga, wana bibi wa namna hiyohiyo, anaona kwa shida. Binti yake tulipofika akasimama mlangoni akakataa tusishushe chochote kabla ya kitanda cha mama yake, kile cha zamani cha besera. Akatuonyesha kwa mkono. Kule mama akilala mlango uko kushoto kwake, basi na hapa kitanda kigeuzeni mpaka mlango uwe kushoto. Tukageuza, dirisha likawa limezibwa nusu, nikamwambia dada dirisha hilo, akasema liacheni. Kigoda chenye redio mkono wa kulia, umbali uleule, alikuja na kamba aliyopimia kule. Bakora kwenye msumari usawa wa kichwa. Mkeka wa kuswalia chini upande wa miguu. Shuka lilelile alilolala nalo jana bila kufuliwa, kanga zake juu ya mto.

Bibi akaletwa kwa bajaji mwisho wa yote, hakuona hata kiroba kimoja kikibebwa. Akaingia ameshikwa mkono, akapapasa ubao wa kitanda, akakaa, akanyoosha mkono wa kulia akaipata redio akaiwasha. Jua lilikuwa halijazama, binti yake akamsimamisha akamtembeza kutoka kitandani mpaka chooni na kurudi, wakarudia tena na tena wakihesabu hatua kwa sauti, tulikuwa bado tunashusha makabati tunawapisha kwenye korido. Yule bibi hakulia wala kuuliza kwao.

Kwahiyo usimbembeleze kwa maneno tu kwamba kule ni kuzuri. Pima kitanda chake na vitu vyake vya pembeni leo, na mume wako ambaye ndo mtoto wake awe yeye wa kumleta. Na dawa zake zikae kwenye mkoba wako.

Shangazi Pongwe

Jamani na mtungi wa gesi naona hamjaugusa. Funga koki, toa regyuleta, mtungi usafiri umesimama nyuma ya gari penye hewa, usiwekwe mbele na abiria wala usilazwe. Ukifika na ukifunga regyuleta paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira, povu likichemkachemka gesi inavuja, usiwashe kitu wala swichi, fungua madirisha. Zimamoto ni 114 namba iwe kwenye simu. Mpira kama umekuwa mgumu umepasukapasuka siku ya kuhama ndo siku ya kununua mwingine.

Na kunguni pia, samahani lakini lisemwe. Kabla hujashusha kitanda, chumba kitupu mulika tochi kwenye nyufa za ukuta, fremu za milango, kona za dari. Ukiona vidoti vyeusi vyeusi kama wino mtafute mpiga dawa kabla ya godoro lako kuingia. Na kitanda cha kuazima au cha mtumba kianikwe na kimwagiwe maji ya moto kwenye maungio kwanza.

Narudi Nyumbani

Mimi natoka Dar narudi Tanga moja kwa moja, kazi imeisha naenda kukaa kwetu Chumbageni. Nyumba ya vyumba vitatu. Nimeambiwa Fuso moja inatosha. Ushauri kwa safari ndefu tafadhali, maana kilomita 350 sio Makorora na Kange.

Kuli wa Kange

Karibu nyumbani mkuu, waja leo waondoka leo wewe umekuja kukaa. Safari ndefu mambo yanabadilika kidogo.

Kwanza pita ofisi ya serikali ya mtaa unakotoka uchukue barua kwamba unahama na vyombo ni vyako, ambatanisha orodha ya vitu vikubwa, tivii, friji, cherehani, pikipiki kama ipo na kadi yake. Njiani gari lenye vyombo vya ndani likisimamishwa hasa alfajiri barua hiyo inamaliza maneno haraka. Ukifika Chumbageni unaanza na mjumbe na mwenyekiti wa mtaa huku, ujulikane.

Pili Fuso litapita mzani, mkubaliane na dereva kabla asibebe na mzigo wa mtu mwingine juu ya vyombo vyako. Hilo linatokea sana, gari lako linageuka la mbao au viazi. Mtu mmoja wa kwenu apande naye. Madereva wengi wanapenda kupita Bagamoyo watokee Msata kukwepa foleni ya Chalinze, halafu Segera wanakata kulia kuja Muheza na Tanga.

Tatu turubai zima lisilo na matundu hata kama jua linawaka, ukiwa unahama kati ya Machi na Mei masika haitabiriki, utaondoka Dar kukavu ukute Segera inanyesha, na godoro likilowa halikauki kwa wiki. Na ukiweza pakia jioni gari liondoke alfajiri mfike mchana. Kufika usiku kwa mzigo mkubwa ndo kule kule nilikokusema mwanzo, tena hapo mmechoka mara mbili.

Nne beseni la usiku wa kwanza usilitie kwenye Fuso kabisa. Nyie mtakuja na basi, Fuso linaweza kupata pancha likalala njiani. Beseni na magodoro mawili membamba yaje na nyie kwenye buti la basi, au mumuombe ndugu wa huku awatandikie. Una kwenu Chumbageni, hilo halitakushinda.

Narudi Nyumbani

Nimekuelewa sana mkuu. La mzigo wa mtu mwingine sikuliwaza kabisa, na dereva niliyeongea naye alikuwa anataka bei ndogo mno, sasa najua kwanini. Shangazi yangu nimeshampigia ameshakubali kuanika magodoro.

Mfugaji wa Mabawa

Na sisi wenye kuku? Nina kuku kumi na moja na paka na nahamia Pongwe.

Shangazi Pongwe

Karibu kwetu. Kuku wakamate usiku wakishalala bandani wanakuwa wapole hawaparuani, wape maji kwanza, watie kwenye tenga lenye hewa wasibanane, wasafiri asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Ukifika wafungie kwenye banda lao jipya siku kadhaa uwalishie humohumo, wakizoea ndo uwafungulie jioni karibu na kulala wasiende mbali. Ukiwaachia siku ya kwanza utawatafuta kwa watu na mtaa ni mgeni hujui uanzie mlango gani. Paka mtie kwenye kikapu chenye kifuniko, mkifika mfungie chumba kimoja na kitambaa alichozoea kulalia, wiki nzima asitoke nje.

Binti Makorora

Kuli nimekutumia inboksi, tunahama Jumamosi hii. Mama mkwe leo ameniuliza kule redio itashika stesheni yake, nimemwambia nitaenda nayo kesho nikaijaribu.

Kuli wa Kange

Nimeiona dada. Jumamosi asubuhi nina mtu wa Usagara, nitakuwa kwako saa sita na nusu baada ya adhuhuri, tutapakia mpaka saa tisa. Shemeji atangulie na ndoo na ufagio kama tulivyosema. Kitanda cha mama mkwe msikifungue mpaka nije, tukipige chaki pamoja, na kitapanda mwisho. Andaa kamba ya kupimia.